Tisa ya Kuandikiwa

Ukitaka kumuudhi Dobi, msifu. Mwambie mashuka yake meupe, atakutafutia doa akuonyeshe. Mwambie amepika vizuri, atasema ni njaa yako tu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefua mashuka ya hospitali, foronya, gauni za upasuaji na mablanketi mazito ya wodi ya watoto, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akisema "naweza". Yeye alisema "nitajaribu", tena kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kabla ya kosa.

Na si kwamba alikuwa hana uwezo. Mashine ya kukamulia iliharibika zamani. Fundi akaja, akaitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake na hajaonekana mpaka leo. Tangu hapo mashuka yakawa yanakamuliwa kwa mikono, watu wawili wawili, huyu ameshika ncha hii anasokota kulia, yule ameshika ncha ile anasokota kushoto. Hakuna aliyependa kukamua na Dobi. Akisokota kidogo tu, mwenzake ameshaachia ncha, anapuliza viganja. Naye, badala ya kutambua kwamba ana nguvu, husema shuka lile lilikuwa linateleza.

Kuna mwaka uongozi ulimwomba asimamie chumba cha kufulia. Akawaambia wamtafute mwenye uwezo. Wakamtafuta kweli, wakaleta bwana mmoja mwenye tai ambaye hakujua kwamba damu hufuliwa kwa maji baridi. Wiki ya kwanza tu alichemsha mashuka yote ya chumba cha upasuaji, madoa yakaganda humo moja kwa moja. Dobi akamfundisha kazi yote, kuanzia dawa za madoa mpaka namna ya kumjibu daktari mwenye hasira, kisha akaendelea kumwita bosi. Kuna watu mtu angetamani kuwashika mabega na kuwatikisa, na Dobi ni mmoja wao.

Sasa, hospitali ile ilikuwa na timu ya wanawake ya kuvuta kamba. Kila mwaka taasisi za mji zilikutana kwenye uwanja wa shule kushindana, na kila mwaka wanawake wa hospitali waliburutwa na wanawake wa Idara ya Maji. Hilo halikumshangaza mtu. Wanawake wa Maji walichimba mitaro na kubeba mabomba kila siku ya Mungu, na walikuwa na vifua vya kutisha. Mara nne mfululizo walikuwa wamewavuta wenzao wa hospitali mivuto miwili kwa sifuri, na mara zote nne Dobi alikuwa pembeni ya uwanja, mchezaji wa akiba, amebeba chupa za maji na kandambili za wenzake.

Aliyemweka pembeni ni Karani wa masjala, ambaye ndiye aliyekuwa kocha. Alikuwa mtu mwema na mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Zamani kidogo alihudhuria semina ya siku mbili ya makocha, akasikia kwamba mchezaji anayejiamini huvuta vizuri kuliko asiyejiamini, na kwamba timu inayoamini kwamba itaweza hufika mbali kuliko wachezaji wake wakihesabiwa mmoja mmoja. Maneno yenyewe ni ya kweli kabisa. Lakini karani ni karani: mpe imani, ataitafutia safu. Akatengeneza vikaratasi. Kila Ijumaa kila mchezaji alijaza mambo mawili, alama kati ya sifuri na kumi. Jambo la kwanza liliandikwa MIMI: unajiamini kiasi gani? La pili liliandikwa SISI: unaiamini timu kiasi gani? Karani alinakili yote kwenye daftari lake, na mwenye MIMI chini ya sita alikaa akiba.

"Msinidanganye," aliwaambia. "Nikijua ukweli ndipo nitawapanga sawasawa."

Dobi hakumdanganya. Kila Ijumaa, kwa miaka minne, aliandika MIMI mbili, SISI tisa. Na kila mwaka timu ikishindwa alikuwa akiwagawia wenzake kandambili zao, akawapa pole, akarudi nyumbani akala, akalala fofofo.

Mambo yaligeuka Ijumaa moja, wiki nne kabla ya mashindano. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa mkunga hospitalini hapo na alivuta kamba nafasi ya tatu. Alileta mwenyewe furushi la mashuka ya wodi ya wazazi, akamkuta Dobi amezama kwenye povu mpaka viwikoni. Karani naye akapita na vikaratasi vyake, amesimama mlangoni kwa haraka kama kawaida, hataki viatu vyake vilowe.

"Nijazie, wifi," akasema Dobi. "Mikono yangu unaiona."

"MIMI ngapi?"

"Kawaida."

Mkunga akaandika, akaandika na ya kwake, akamkabidhi Karani, akaenda zake kuzalisha. Dobi akaendelea kusugua na wala hakulifikiria tena jambo hilo.

Jumatatu asubuhi orodha ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, karibu na dirisha la dawa. Majina manane ya wavutaji, na la nane, chini kabisa, nafasi ya mshika mkia, lilikuwa la Dobi. Mshika mkia ndiye anayezungushiwa mwisho wa kamba mwilini. Wengine wakiteleza, yeye ndiye anayebaki. Yeye akiteleza, hakuna kinachobaki. Dobi alisoma orodha mara tatu, akijaribu kumkumbuka mwingine mwenye jina lake.

Akampata wifi yake kwenye korido ya wazazi.

"Wifi, uliandika nini kwenye karatasi yangu?"

"Tisa."

"Nilikwambia kawaida!"

"Kawaida yangu mimi ni kuandika ninachokiona."

"Umenivisha kilemba cha ukoka mbele ya hospitali nzima!"

"Ukoka gani?" Mkunga akamtazama juu mpaka chini. "Wewe kaka yangu siku ya kwanza kumsalimia ulimkamata mkono, akaja nyumbani anauliza kama tuna dawa ya kuchua. Mama akasema, mwanangu, huyo ama umwoe ama umkimbie. Akaona kukimbia hawezi."

"Sicheki, wifi."

"Mimi pia sicheki. Haya, mlango wa masjala uko wazi. Nenda kamwambie Karani kwamba wifi yako ni mwongo. Nitakubali."

Dobi akaenda. Mara ya kwanza Karani alikuwa na watu. Mara ya pili alikuwa anakula, na mtu anayekula hasumbuliwi. Mara ya tatu alikuwa peke yake, akainua uso, akatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Dobi! Miaka minne nimekuwa nikiingoja hii tisa."

Dobi akasema amefuata fomu ya kuombea sabuni. Karani akampa fomu mbili.

Basi ikawa ndiyo hivyo. Wiki tatu walifanya mazoezi kwenye kiwanja cha nyuma ya chumba cha maiti, mahali ambapo watani wa hospitali walisema timu ile iko jirani na makao yake ya kudumu. Kamba ilifungwa kwenye gari la hospitali lililovutwa breki ya mkono, nao wakalivuta hatua kwa hatua kwenye udongo. Gari lilisogea. Kila likisogea Dobi alijiambia ni wale saba wa mbele. Alishika mkia na roho mkononi, na Ijumaa zilizofuata aliandika tisa kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu hakujua namna ya kurudi kwenye mbili bila kumwaibisha mtu. Usiku alikosa usingizi. Aliiona siku ya mashindano waziwazi: timu nzima inalala kifudifudi kwa sababu yake, na kila mtu anajua ni kwa sababu ya nani.

Siku ikafika. Jua lilikuwa kali, nyasi za uwanja wa shule zimekatwa fupi, chokaa imechorwa mistari mitatu, na kitambaa chekundu kimefungwa katikati ya kamba. Idara ya Maji waliingia wakiimba. Mshika mkia wao alikuwa fundi bomba mmoja mpana, aliyekuwa anatafuna kijiti na kuangalia huku na huku kama mtu anayesubiri foleni benki.

"Shika kamba!" akapiga kelele mwamuzi. "Kaza! Vuta!"

Dobi alifanya kosa moja. Aliinua macho. Alipitisha macho juu ya migongo saba ya wenzake, juu ya kitambaa, juu ya vichwa vinane vya Maji, mpaka kwa yule fundi bomba, na fundi bomba alikuwa bado anatafuna kijiti chake. Dobi akawaza: sasa wataniona nilivyo. Kisigino cha kushoto kikateleza, cha kulia kikafuata, akakaa chini kwa makalio, na kamba nzima ikaenda zake na watu wake. Mvuto wa kwanza haukufika hata nusu dakika.

Mwamuzi akatoa mapumziko ya dakika tano. Wanawake wa hospitali wakakaa chini, hakuna anayemtazama mwenziwe. Mlinzi wa getini, ambaye mwaka huu ndiye aliyekuwa akiba, akaanza kuvua koti lake taratibu, amejiandaa kuingia. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu, na Dobi alipomwona akivua koti alisikia nafuu ya ajabu, halafu papo hapo akaisikia aibu ya nafuu ile.

"Nina neno," akasema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Ile tisa si yangu. Ya kwanza niliandikiwa, zilizofuata nilidanganya. Mimi ni mbili. Nimekuwa mbili siku zote. Karani, nisamehe, mpe mlinzi kamba."

Karani akabaki na daftari mkononi, mdomo wazi.

Kisha Mpishi wa wagonjwa, mwanamke mkubwa aliyekuwa mbele kabisa ya kamba, akakohoa.

"Mimi huandika kumi," akasema. "Ukweli wangu ni tatu. Karani anaweka akiba walio chini ya sita, na mimi nikikaa akiba, raha ya kuvuta nimwachie nani? Nikaandika kumi, nikajua mambo mengine tutayajulia hukohuko."

"Mimi nne," akasema muuguzi wa macho.

"Mimi huwa naangalia ya jirani, naongeza moja," akasema mwingine, na hapo mtu akaangua kicheko.

"Na wewe wifi?" akauliza Dobi.

Mkunga akajikuna shingo. "Tano. Siku njema, tano na nusu."

Wakacheka wote sasa, kicheko cha kushika mbavu, wamelala kwenye nyasi, mbele ya taasisi zote za mji. Watu wa Maji wakaacha kuimba, wakageuka kutazama watu waliovutwa vibaya vile wanacheka nini. Aliyekuwa hacheki ni Karani peke yake. Miaka minne ya daftari lake safi, lenye mistari ya rula, na safu nzima ya MIMI ilikuwa uongo mtupu isipokuwa mbili za mtu mmoja, na huyo ndiye aliyemweka abebe kandambili. Uso ulimshuka mpaka ikawa huruma kumtazama.

"Na SISI?" akauliza kwa sauti ndogo. "Nako mlidanganya?"

"Kule tudanganye kwa nini?" akasema Mpishi. "Kule hukumwondoa mtu."

Karani akakaa chini palepale na suruali yake iliyopigwa pasi. Akafungua daftari kwenye safu ambayo kwa miaka minne alikuwa akiijaza bila kuisoma. Kidole kikateremka kwenye tarehe. Kikasimama. Kikapanda juu tena.

"Dobi," akasema. "Njoo uone. Hii ni Ijumaa ya mwisho kabla sijakuweka mkiani. SISI: sita, saba, sita, saba, sita. Hii ni Ijumaa ya kwanza baada ya orodha kubandikwa. Tisa. Nane. Tisa. Tisa. Kumi, hii ni ya Mpishi."

"Yangu," akasema Mpishi. "Hiyo kumi ni ya kweli."

"Hakuna kingine nilichobadilisha," akasema Karani. "Watu ni walewale, kamba ni ileile. Nilibadilisha mkia tu."

Dobi alizitazama namba zile. Ziliandikwa na watu saba, kila mmoja kwa mkono wake, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kudanganya. Alitaka kusema ni bahati. Alitaka kusema labda siku hiyo walikuwa wameamka vizuri. Akafungua mdomo, akaona wote wanamsubiri aseme hivyo hasa, akaufunga.

"Mlinzi," akaita Karani, "au..." Akamgeukia Dobi. "Uamuzi ni wako."

Mlinzi alikuwa ameshikilia koti, mkono mmoja umo, mmoja umetoka.

"Vaa koti, mama," Dobi akamwambia. "Kuna upepo."

Hakukuwa na upepo wowote. Mlinzi akavaa koti.

Mvuto wa pili Dobi hakumtafuta fundi bomba. Aliinamisha kichwa, akayafumba macho kabisa, akaisikiliza kamba. Alikuta inasema mengi. Alimjua Mpishi kwa mbali, anavyovuta kwa kushtua. Alimjua muuguzi wa macho, anayekaza polepole. Alimjua wifi yake kwa kutetemeka kidogo mwishoni mwa kila pumzi. Kwa wiki tatu walikuwa wakipita hivyo mikononi mwake na hakuwahi kuwatambua, kwa sababu alikuwa anajisikiliza mwenyewe anavyoogopa. Alizamisha visigino. Watu wa Maji wakavuta kwa nguvu zao zote, na mkia haukwenda.

"Umekaa!" akapiga kelele Karani, anarukaruka mstarini, kalamu zinamwagika. "Mkia umekaa! Hatua! Moja! Na moja!"

Kitambaa chekundu kikaja. Kilikuja shubiri, kikasimama, kikaja shubiri nyingine. Dakika mbili na ushee. Mwamuzi alipopuliza filimbi na kunyoosha mkono upande wa hospitali, Mpishi alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Kwa miaka mitano ule ulikuwa mvuto wa kwanza kuwachukua Maji. Wagonjwa waliokuwa wamepewa ruhusa ya kutoka wakapiga kelele, mmoja akiwa na gongo lake hewani.

Wa tatu ulikuwa mrefu. Fundi bomba sasa alikuwa ametema kijiti. Kitambaa kilisogea kwa hospitali mpaka kikabakiza kiasi cha kiganja kufika mstari, na Dobi, ambaye safari hii macho yake yalikuwa wazi, alikiona. Alikiona na akajua, si kutumaini, akajua kabisa kwamba wanachukua. Ngozi ya kiganja chake ilichanika na hakusikia. Kisha nafasi ya nne mtu alikanyaga palipokuwa pamemwagika maji, akapiga goti, na Maji hawakuhitaji zaidi ya hapo. Walivuta mara moja, kwa pamoja, kwa ustadi wa watu wanaojua kazi yao. Dobi alishikilia peke yake kwa muda ambao watu waliuzungumzia wiki nzima, akiburutwa visigino vikichimba mifereji miwili kwenye nyasi, mpaka filimbi ikalia.

Maji walishinda, mbili kwa moja.

Wenzake walikuwa tayari wanakumbatiana. Mvuto mmoja mbele ya Maji! Mpishi alikuwa anacheza. Karani alikuwa anakumbatia mtu yeyote aliyepita karibu, hata mwamuzi. Mkunga peke yake ndiye aliyetazama nyuma, akamwona Dobi bado amekaa chini, kamba imemzunguka kifua, machozi yanamtiririka. Akamkimbilia.

"Umeumia wapi? Bega?"

Dobi akatikisa kichwa.

"Mgongo? Niambie, wifi, usijikaze."

"Ilikuwa yetu," akasema Dobi.

"Najua. Lakini tumejitahidi. Mvuto mmoja, wifi, hatujawahi. Ni vizuri sana."

"Si vizuri!" Akapiga nyasi kwa kiganja kilichochanika. "Usiniambie ni vizuri! Ilikuwa yetu ile, niliiona, ilibaki hivi!" Akaonyesha kwa vidole. "Tulikuwa tunashinda, wifi. Wametunyang'anya!"

Mkunga alifungua mdomo amtulize, kisha hakumtuliza. Alikuwa amemjua mwanamke huyu miaka ishirini na mitatu. Alikuwa amemwona akinyimwa, akirukwa, akipitwa na watu wasiomfikia hata kwenye kucha, na kila mara anasema haidhuru, tena anamaanisha, kwa sababu hakuwa ametegemea kitu. Leo ndiyo siku yake ya kwanza kushindwa. Mkunga akageuza uso upande, asionekane anavyotabasamu.

Karani akafika anahema, daftari kwapani.

"Dobi, kile ulichofanya pale mwishoni..."

"Mazoezi lini?"

"Mazoezi? Mashindano ni mwakani, huwa tunaanza mwezi wa..."

"Nimekuuliza lini, Karani."

Karani akamtazama. Akatazama mifereji miwili kwenye nyasi.

"Jumatatu," akasema. "Saa kumi jioni."

Dobi akafuta pua kwa bega la fulana, akajifungua kamba kifuani, akaanza kuikunja.